Msomi Hajalipa Deni la Kamanga

Ni jambo lililozoeleka kando ya Ziwa Victoria. Msomi aliyezaliwa Kamanga, ng'ambo ya mji wa Mwanza katika upande wa Sengerema, huonekana kijijini kwake kwa mambo mawili: msiba na harusi. Siku ya msiba hufika akiwa amevaa nguo nyeusi, hulia pamoja na ndugu, hutoa rambirambi, kisha huwahi kivuko cha jioni. Siku za harusi huja na kadi. Kadi hizo zina bei: ya mtu mmoja ina kiwango chake, na ya mume na mke ina kiwango chake. Zina tarehe ya mwisho ya kulipa na namba ya simu ya mhazini. Asiyelipa hukumbushwa mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka aone haya.

Ndugu huyo huyo akiulizwa habari za mtoto wa mvuvi aliyekosa daftari katika shule ile ile iliyomfundisha yeye kusoma na kuandika, hutoa jibu fupi: elimu ni bure, Serikali inalipa. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Nusu ya ukweli inapotumika kuufunika ubinafsi hudhuru kuliko uongo mzima, kwa sababu uongo mzima hugunduliwa upesi. Kwa hiyo yafaa jibu hilo lichambuliwe hadharani, bila kuoneana aibu.

Ni kweli kwamba ada imefutwa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, wakati wa kuingia katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukafuta ada na michango ya lazima mpaka kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Mwaka 2022 nafuu hiyo ikafikishwa kidato cha tano na cha sita. Hiyo ni hatua kubwa, na mpenda nchi hawezi kuibeza.

Lakini kufuta ada si kufuta umaskini. Mpango wa mwaka 2016 ulipoanza, ruzuku ya uendeshaji ilikuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka mzima. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 nao ulieleza bila kificho mambo yaliyobaki juu ya mabega ya mzazi: sare, daftari, kalamu, chakula cha mwanafunzi wa kutwa, na matibabu yake. Kwa mzazi mwenye mshahara wa mwezi mambo hayo ni madogo. Kwa kibarua wa mtumbwi ni mlima.

Mwananchi asiyejua maisha ya mwaloni hana budi kuelezwa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mwezi unapokuwa mpevu kazi hiyo husimama, na nyumba nyingi hukaa siku kadhaa bila kuona fedha. Siku za giza zikirudi, mwenye mtumbwi, injini na nyavu hutoa kwanza gharama za mafuta na fungu la vyombo vyake. Kinachosalia ndicho vibarua hugawana. Ziwa likichafuka, hakuna kinachosalia. Katika nyumba kama hiyo, sare ya shule hushindana na unga wa ugali, na unga hushinda.

Mtoto asiye na sare huona haya kuingia darasani. Huanza kushinda mwaloni. Huanika dagaa mchangani, huwafukuza ndege, au husaidia kuvuta kokoro, wavu uliopigwa marufuku na sheria. Jioni hulipwa samaki wachache au vijisarafu. Kesho yake hurudi tena, kwa sababu sasa nyumbani wanamtegemea. Baada ya muhula mmoja mwalimu anazidi kumkosa katika daftari la mahudhurio. Baada ya mwaka mmoja hakuna tena mtu kijijini anayemwita mwanafunzi. Hakuna aliyemfukuza shule, na hakuna aliyemdai ada. Amepotea kwa ajili ya shati, kaptula na daftari chache.

Hapo ndipo penye pengo. Pengo hilo si kubwa kiasi cha kuhitaji mabilioni ya wafadhili wa ng'ambo, wala si dogo kiasi cha kujizibia lenyewe. Ni pengo la ukubwa wa mchango wa watu wanaojuana. Swali ni moja tu: nani wa kwanza kuchanga?

Jibu lake limo katika historia ya nchi hii. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla haujaanza utaratibu wa uchangiaji, Mtanzania aliyepata nafasi ya chuo kikuu alisomeshwa, akalishwa na kulazwa kwa fedha ya umma. Fedha hiyo ilitoka katika pamba, kahawa, katani na korosho. Mkulima wa Sengerema aliyepalilia pamba juani hakupata kuingia katika ukumbi wa mihadhara wa Mlimani, lakini sehemu ya jasho lake iliingia humo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipouvuta mwaka wa elimu ya msingi kwa wote kutoka 1989 hadi 1977, hazina ya Taifa haikuwa na fedha za kujenga kila darasa. Wananchi vijijini walifyatua matofali, wakabeba maji vichwani, wakasimamisha kuta, na watoto wakaingia. Wengi wa wasomi wanaotoa leo hotuba za maendeleo mijini walikaa katika madarasa hayo.

Mikoa ya Ziwa ina sababu zaidi ya kulikumbuka jambo hili. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mradi wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ulikuwa na makao yake Mwanza. Wakulima na wavuvi walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia pamba, ng'ombe na samaki, vitu walivyovijua kwa mikono yao. Waliofundisha madarasa ya jioni hawakuwa maprofesa. Walikuwemo watu wa kawaida waliojitolea, waliojua kusoma kidogo na walioona vibaya kukaa peke yao na hicho kidogo.

Mwalimu Julius Nyerere alipata kumfananisha msomi na mtu ambaye kijiji chenye njaa kilimpa chakula chake chote, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula zaidi. Mtu huyo akishiba na asirudi, alisema, ni msaliti. Mfano huo haukubaki maneno matupu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa, hasa sharti la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wao wa baadaye katika kipindi cha kulitumikia Taifa. Mwalimu aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Lakini siku hiyo hiyo aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu anaweza kubishana mpaka leo juu ya ukali wa adhabu ile. Hawezi kubishana juu ya funzo lake: anayewadai wengine wajitolee hana budi kuanza na mfuko wake.

Msomi wa siku hizi atasema kwamba yeye hakusomeshwa bure. Alikopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, na mshahara wake hukatwa kila mwezi. Naam, analipa, na ni wajibu wake. Lakini mkopo huo ulikuwa wa chuo. Je, darasa la kwanza mpaka la saba nani alimkopesha? Yule jirani aliyembeba katika mtumbwi bila nauli, yule mama aliyempa viazi asubuhi kwa kuwa nyumbani kwao hapakuwa na moto, wale wazee waliofyatua matofali ya darasa lake, hao wana bodi gani ya kuwadaia? Hawana risiti wala wakili. Deni lao linategemea dhamiri ya mdaiwa, na kwa wengi dhamiri hiyo imelala usingizi mzito.

Wapo pia watakaosema hawana uwezo, maisha ya mjini ni magumu. Hoja hiyo ingestahili huruma kama zisingekuwepo kamati za harusi. Hakuna anayezipiga vita harusi. Watu waoane, ngoma zichezwe, ndugu wale washibe. Lakini kamati hizo zinathibitisha kwamba wasomi hawa wanajua sana kuchangisha. Wanachagua mwenyekiti, katibu na mhazini. Wanakutana kila wiki bila kuitwa mara mbili. Wanaandika ahadi, wanazifuatilia, wanasomeana orodha ya waliolipa na wasiolipa. Wanatoza mchango kwa ajili ya ukumbi, mapambo, mshereheshaji na magari. Baada ya wiki chache fedha imepatikana, na kwa usiku mmoja imekwisha.

Na ifanywe hesabu ya darasa la nne. Watu 50 wakitoa shilingi 100,000 kila mmoja, zinapatikana shilingi milioni 5. Kama sare, viatu na daftari za mtoto mmoja zitachukua shilingi 50,000, fedha hiyo huwavika watoto 100. Kamati yenye watu 50 si kubwa kwa harusi ya mjini. Wala haitakiwi kuacha harusi. Inatakiwa kukutana mara moja zaidi kwa mwaka, kwa ajili ya watoto ambao hawataweza kuchapa kadi. Anayeweza kununua nafasi katika meza ya ukumbi kwa usiku mmoja akidai hawezi kununua daftari, hasemi kweli. Uwezo anao, kinachokosekana ni haya.

Hata hivyo, haifai hata kidogo kuyafumbia macho maovu yaliyowahi kufanywa kwa jina la mchango. Makabwela wanalijua neno hilo kwa uchungu. Kumekuwa na shule ambako mchango uliitwa wa hiari asubuhi, na mchana mtoto akarudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hakuutoa. Huo si mchango, ni kodi isiyo na sheria, na mtoza kodi wake ni mtoto anayelia njiani. Ndiyo maana Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango katika shule za umma, akaagiza kwamba mwenye nia ya kuchangia apeleke mchango wake kwa mkurugenzi wa halmashauri, wala mwalimu asishike fedha hiyo. Agizo lile liliwakera baadhi ya watu, lakini lilisema kweli moja ambayo haijachakaa: mwanafunzi hawezi kufanywa dhamana ya deni la mzazi wake.

Majirani nao wana la kufundisha. Katika Kenya, tangu uhuru wa mwaka 1963, wito wa Harambee ulijenga shule nyingi kwa nguvu za wananchi, na sifa hiyo haiwezi kunyang'anywa. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, wanasiasa wakaugeuza uchangishaji kuwa jukwaa la kuonyeshana mabunda ya noti, na maofisa wakawabana wananchi watoe wapende wasipende. Mwaka 2003 nchi hiyo ililazimika kutunga Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma, iliyowabana watumishi katika mambo ya kuchangisha. Funzo ni hili: mchango ukiingiliwa na mwenye kutafuta sifa au kura, hiari hutoka kwa mlango wa nyuma.

Upo uovu wa tatu, nao ni kuuza sura za watoto. Mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare iliupeleka Mwanza katika majumba ya sinema ya Ulaya, ikionyesha watoto wa mitaani na mabaki ya sangara. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwa kulichafua jina la nchi. Ubishi ule ulikuwa mrefu. Lakini mazoea ya kumpiga picha mtoto aliyechaniwa kaptula, kisha kuisambaza ili watu wa mbali wamwonee huruma, yanaendelea kila siku kwa simu za mkononi, na baadhi ya wanaoyafanya ni wasomi wazalendo wanaojiona wanasaidia. Mtoto huyo atakua. Siku moja ataiona picha yake na atajua kwamba alisaidiwa kwa kuvuliwa nguo mbele ya dunia. Kasumba ya kuomba kwa kuonyesha vidonda haifai kurithishwa kwa watoto.

Je, inawezekana kuchangisha bila kulazimisha, bila kujitafutia sifa na bila kumdhalilisha mtoto? Inawezekana, na mifano ipo. Mwaka 1991 vijana wachache kutoka India, waliokuwa wakisoma katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, Marekani, waliunda chama walichokiita Asha, maana yake tumaini, ili kusaidia elimu ya watoto wa makabwela nchini kwao. Walikuwa na kila kisingizio cha kukaa kimya: masomo mazito, nchi ya ugeni, na umbali wa nusu ya dunia. Hawakukitumia. Chama hicho kimeenea katika miji mingi, na kazi zake hufanywa na watu wa kujitolea ambao wana ajira zao kwingine. Huichunguza miradi, huitembelea, huijadili kabla ya kuipa fedha. Wengine hukimbia mbio ndefu ili marafiki zao wachange. Hawakungoja India iwe tajiri kwanza.

Kutoka Berkeley hadi vijiji vya India ni safari ya siku na ya bahari. Kutoka Mwanza hadi Kamanga kivuko hakimalizi saa moja majini. Na kwa anayekiogopa kivuko, tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700 za wananchi. Taifa limemjengea msomi barabara juu ya maji ili arudi kwao. Kisingizio cha ziwa kimekufa. Kilichobaki ni moyo.

Wala watu wa Ziwa hawahitaji kufundishwa kujitolea na mtu yeyote. Usukumani vijana walilimiana mashamba kwa zamu wakiongozwa na nsumba ntale, na ngoma ya bugobogobo huchezwa kwa jembe mpaka leo. Wanajua pia thamani ya mizani ya haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, walipochoka kupunjwa na wanunuzi, walidai wapimaji wao wenyewe. Kutokana na madai hayo vikakua vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Cooperative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha baada ya uhuru. Wakulima wale hawakukataa kuuza pamba kwa sababu mizani ilikuwa mibovu. Walikamata mizani.

Mchango wa shule nao unataka mizani ya namna hiyo. Kwanza, uwe wa hiari ya kweli: jina la asiyetoa lisisomwe, na mtoto wake asiguswe. Pili, fedha ipitie katika utaratibu wa halmashauri, itolewe risiti, na hesabu yake isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Isomwe kwa sauti, senti kwa senti, mbele ya mvuvi na mama muuza dagaa, si katika hoteli ya mjini. Tatu, anayechangisha ajilipie nauli na chai yake. Mtu wa kujitolea anayejilipa posho kutoka katika daftari la mtoto ni kupe. Nne, orodha ya watoto wenye shida itunzwe na mwalimu na serikali ya kijiji kwa siri, na sare itolewe bila kamera wala hotuba. Mtoto aamke asubuhi avae, aende shule kama wenzake, basi.

Na tano, mwenye kuanza awe msomi. Mvuvi asiombwe chochote kabla ya mwalimu mstaafu, daktari, mhasibu, mwanasheria na mhandisi waliotoka katika kijiji hicho hawajaweka chao mezani. Mvuvi ameshatoa. Alitoa matofali, alitoa pamba, alitoa viazi vya asubuhi. Zamu yake ilikwisha zamani.

Wapo watakaokasirika kwa kuambiwa haya. Hasira hiyo ni dalili njema, maana deni lisiloumiza limeshasahauliwa. Lakini hasira haivai sare. Muhula ujao utafunguliwa, na mwaloni Kamanga atakuwepo mtoto akianika dagaa huku akiwatazama wenzake wakipita na mifuko ya daftari. Msomi atakayeshuka Jumamosi hiyo, kadi za harusi zikiwa mfukoni, atapita hatua chache kutoka kwake. Akimpita bila kusimama, asijiite tena mtoto wa Kamanga.